Barua kwa Mwalimu: Akili Isiyoonekana Hupimwaje?

Toleo lililopita nilidokeza kwa mstari mmoja tu kwamba lipo tawi la saikolojia, saikolojia ya utambuzi, linalochunguza jinsi mtu anavyozingatia, anavyokumbuka, anavyosahau, anavyoelewa lugha na anavyoamua. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Nimechagua chache, ndefu nimezikata, na majina nimeyaacha kama wenyewe mlivyojiita.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa kwanza chuoni. Mhadhiri wetu anasema saikolojia ya utambuzi ilianza 1956. Kitabu tunachotumia kinasema 1967. Rafiki yangu wa chuo kingine kafundishwa kwamba yote yalianza Leipzig mwaka 1879. Nishike upi? — Mwanafunzi Aliyechanganyikiwa

Marahaba, mwanangu. Kwenye mtihani andika mwaka wa mhadhiri wako, kwa kuwa kalamu nyekundu iko mkononi mwake. Tukishatoka chumba cha mtihani, miaka yote mitatu ina wenyewe, na mimi nina wangu wa nne ambao wote mmeuruka: 1868.

Mwaka huo Mholanzi mmoja, Franciscus Donders, daktari wa macho, alichapisha kipimo cha ajabu. Alimfunga mtu nyaya miguuni zenye kutoa mshtuko mdogo wa umeme, akamwagiza: ukishtuliwa mguu wa kulia, jibu kwa mkono wa kulia, wa kushoto, kwa mkono wa kushoto. Mara nyingine mtu aliambiwa mapema ni mguu upi, mara nyingine hakuambiwa. Asipoambiwa alichelewa zaidi, kwa kama sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Donders akatoa muda mfupi kwenye muda mrefu, akasema kilichobaki ndicho muda wa kuamua. Uamuzi hakuuona wala hakuushika, lakini aliupima. Kwangu mimi somo zima limo humo. Hila zetu nyingi mpaka leo zinategemea vitu viwili ambavyo akili haiwezi kuvificha: muda inaotumia na makosa inayofanya. Ukisoma historia yetu ukiwa na hayo mawili mkononi, hutapotea.

Mwaka 1879 ni wa Wilhelm Wundt, aliyefungua maabara Leipzig, Ujerumani, na saikolojia ikaanza kujitegemea. Maabara yake ilipima muda pia, lakini pia ilimtaka mtu ajichungulie ndani na kueleza anachokiona humo. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Wasomi wa Würzburg, mji mwingine wa Ujerumani, waliripoti mawazo yasiyo na picha yoyote akilini. Edward Titchener, aliyesoma kwa Wundt kisha akahamia Cornell huko Marekani, akasema picha zipo, wao ndio hawakuchungulia vizuri. Nani awaamue, ikiwa shahidi wa kila mmoja ni yeye mwenyewe?

Msomi ninayempenda wa enzi hizo hakuingia kwenye ubishi huo. Hermann Ebbinghaus alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, za mfano wa "bok" na "yat", akazipanga katika orodha, akazisoma kwa mwendo usiobadilika kwa kufuata mlio wa saa mpaka aweze kuzitaja bila kukosea. Muda ukipita alirudi kuzikariri upya na kuhesabu safari hii kazi imepungua kiasi gani. Saa moja tu baadaye, zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imeyeyuka. Siku moja baadaye ilibaki kama theluthi. Mwezi mmoja baadaye, kama moja ya tano. Aliyechunguzwa alikuwa mtu mmoja, yeye mwenyewe, kwa miaka kadhaa, na matokeo yalitoka 1885. Nikiwafundisha wanafunzi wanaolalamika kwamba utafiti unachosha, huwatajia huyo.

Mwaka 1913 John Watson wa Marekani alitangaza kwamba saikolojia ikitaka kuwa sayansi iachane na mambo ya ndani, ishughulike na yanayoonekana, yaani kichocheo na mwitikio. Kwa miongo kadhaa vyuo vingi vya Marekani vilimfuata. Vitabu vya wanafunzi hupenda kumchora kama mjinga wa hadithi, jambo ambalo mimi silikubali. Alikuwa amechoshwa, na kwa haki, na ubishi usio na mwamuzi. Hata B. F. Skinner, aliyekuja kuwa mkubwa wa kundi hilo, hakukana kwamba watu wana mawazo. Alichokataa ni kuyafanya mawazo hayo kuwa sababu ya tabia.

Walioharibu mambo ni panya. Mwaka 1930, huko California, Tolman na Honzik waliwaachia panya wazurure kwenye mzingile wa vijia na kona bila kupewa chakula mwishoni. Siku kumi nzima panya hao walionekana kama hawajifunzi lolote. Siku ya kumi na moja wakawekewa chakula. Kufumba na kufumbua makosa yao yakashuka, wakawa sawa na wenzao waliolishwa tangu siku ya kwanza. Ina maana njia walikuwa wameshaijua, ila hawakuwa na haja ya kuionyesha. Sasa hiyo njia ilikuwa imekaa wapi, kama si kichwani?

Kisha Vita Kuu ya Pili ikaja na kazi za kweli. Nchini Uingereza, waliokaa mbele ya rada wakitafuta nyambizi walikuwa wakikosa alama zilizo mbele ya macho yao. Norman Mackworth akatengeneza saa isiyo na tarakimu, mshale wake ukiruka hatua moja kila sekunde. Mara mojamoja uliruka hatua mbili kwa mpigo, na kazi ya mtazamaji ilikuwa kubonyeza kitufe akiliona hilo. Kazi ilichukua saa mbili. Baada ya nusu saa ya kwanza tu watu walianza kukosa mno, ingawa macho yalikuwa wazi na mshale ulionekana vizuri. Kichocheo kipo, mwitikio haupo. Lazima katikati kuna kitu, na jeshi lilitaka kujua ni kitu gani.

Ndipo tunafika 1956. Tarehe 11 Septemba, katika mkutano uliofanyika chuo cha MIT, Newell na Simon walieleza programu ya kompyuta inayothibitisha kanuni za mantiki, mwanaisimu Noam Chomsky akazungumzia muundo wa sarufi, na mwanasaikolojia George Miller akazungumzia mipaka ya kumbukumbu. Miller mwenyewe baadaye aliitaja siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa sayansi ya utambuzi. Miaka mitatu mbele, Chomsky aliandika uhakiki mkali wa kitabu cha Skinner kuhusu lugha. Mwaka 1967 Ulric Neisser akatoa kitabu kilichokusanya tafiti zilizotawanyika na kuzipa jina la pamoja. Kwa hiyo 1967 ni mwaka wa cheti cha kuzaliwa. Mtoto alikuwa keshaanza kutembea.

Mwalimu, jirani yangu anasema waliosomea mambo haya wanaweza kukutazama usoni wakajua unawaza nini. Ni kweli? — Mwoga

Ingekuwa kweli nisingesahihisha mtihani hata mmoja maishani. Ningewatazama wanafunzi mlangoni na kugawa alama. Lala salama.

Kazini tunabishana. Mimi nimesoma kwamba binadamu hushika vitu saba kichwani kwa wakati mmoja. Mwenzangu anasema ni vinne. Nani kapatia? — Karani wa Masjala

Saba ni ya Miller niliyemtaja hapo juu, katika makala yake maarufu ya mwaka huohuo wa 1956: saba, ongeza au punguza mbili. Watu waliichukua namba wakaliacha onyo. Miller alikuwa na matokeo ya aina mbili tofauti, moja la kutambua viwango vya sauti na vitu kama hivyo, jingine la kukumbuka orodha, na yote mawili yalizungukia saba. Mwishoni mwa makala alisema anashuku kwamba huenda ni sadfa tu.

Jambo zito katika makala ile halikuwa namba, lilikuwa fungu. Tazama mara moja kisha ufunike: 194519692000. Ukizichukua tarakimu mojamoja, ni kumi na mbili, na wengi hukwama njiani. Sasa zitazame tena kama mwaka ilipoisha Vita Kuu ya Pili, mwaka binadamu alipokanyaga mwezini, na mwaka 2000. Zimekuwa tatu. Tarakimu hazikupungua, wewe ndiye uliyezifunga kwa kutumia unachokijua tayari. Mwaka 1973 Chase na Simon walilionyesha hilo kwa sataranji. Bingwa aliyetazama ubao wa mchezo halisi kwa sekunde tano aliweza kupanga upya kete nyingi kuliko asiyeujua mchezo vizuri. Kete zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake haukumsaidia, akawa karibu sawa na mwanagenzi.

Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia majaribio ambayo mtu huzuiwa kufunga mafungu na kujirudiarudia kimoyomoyo, akakuta kinachobaki ni kama vinne. Kwa hiyo mwenzako yuko karibu zaidi na tunavyofikiri leo. Soda, au chochote mlichowekeana dau, ni yake.

Mwalimu, nafanya kazi wodini na waliopata kiharusi. Binti yangu ananionyesha vitabu vyake vya chuo, vimejaa habari za mgonjwa mmoja mmoja. Sisi tumefundishwa kwamba mgonjwa mmoja si ushahidi. Imekuwaje? — Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Hoja yako ni ya mtu wa kazi, dada, na inastahili jibu la kutosha.

Kuna njia nne kuu za kuisogelea akili katika somo letu. Kuna majaribio ya maabara kwa watu wazima wa afya. Kuna kutunga programu za kompyuta zinazoiga hatua za kufikiri. Kuna kupiga picha za ubongo ukiwa kazini kwa mashine za sumaku, njia iliyoshika kasi tangu miaka ya 1990. Na kuna hii unayoiulizia, ya kuwachunguza walioumia ubongo, ambayo binafsi naiona ndiyo iliyotufunza mengi kwa vifaa vichache zaidi.

Mchukue Henry Molaison, ambaye vitabu vilimwita H.M. mpaka alipofariki mwaka 2008. Alikuwa na kifafa kikali. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimpasua huko Hartford, Marekani, akaondoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwamo sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachosaidia kutunza kumbukumbu. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hakuweza kutunza jambo jipya. Brenda Milner, mwanasaikolojia kutoka Montreal aliyemfuatilia kwa miaka mingi, alilazimika kujitambulisha kila walipokutana.

Milner alimpa kazi hii: karatasi ina nyota iliyochorwa kwa mistari miwili, na mtu apitishe penseli katikati ya mistari huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Ukijaribu utaona mkono unakwenda upande usioutaka, hasa kwenye ncha za nyota. Siku ya kwanza H.M. alikosea sana. Siku ya tatu alikuwa anachora vizuri mno, na kila siku aliketi akiamini hajawahi kuiona kazi hiyo. Mkono ulijifunza, mwenyewe hana habari. Kwa hiyo kile tunachokiita kumbukumbu si kitu kimoja, kwa kuwa kimoja kimekufa na kingine kizima ndani ya mtu yuleyule.

Hapo ungeweza kunibana useme huenda kazi ya nyota ni rahisi tu kuliko kukumbuka majina, na ungekuwa umenibana kisawasawa. Ndiyo maana tunamtafuta mgonjwa wa pili aliyeumia kinyume. H.M. aliweza kushika tarakimu kadhaa kwa muda mfupi kama mtu wa kawaida, ila hakuweza kuzihifadhi. London, Elizabeth Warrington na Tim Shallice wakaeleza kuanzia 1969 habari za mtu waliyemwita K.F.: ukimtajia tarakimu, alirudia moja au mbili tu, lakini kujifunza mambo ya kudumu aliweza. Mmoja ana hiki hana kile, mwingine ana kile hana hiki. Hapo kisingizio cha ugumu wa kazi kinaanguka. Kinaanguka pia kielelezo cha Atkinson na Shiffrin cha 1968, kilichosema kila jambo lazima lipite kwanza chumba cha muda mfupi ndipo liingie cha kudumu, K.F. angepitishia wapi? Mwaka 1974 Baddeley na Hitch walikivunja chumba hicho wakakijenga upya kama kumbukumbu tendaji, yenye sehemu ya sauti, sehemu ya picha na msimamizi wa kazi.

Mgonjwa mmoja hawezi kukwambia dawa gani itawafaa wengi, hilo walimu wako walisema kweli. Lakini akikuonyesha kwamba vitu viwili vinaweza kutengana, basi vinatengana.

Mwalimu, tulipokuwa wadogo moto ulizuka nyumbani. Mimi nakumbuka nikiwa pale pale, mpaka rangi ya moshi naiona. Kaka yangu anaapa sikuwepo, nilikuwa nimelazwa hospitali. Mama, ambaye angetuamua, ametangulia mbele ya haki. Tumefikia hatua ya kununiana. Nani mwongo? — Dada Mtu

Poleni kwa kuondokewa na mama. Na yaelekea hakuna mwongo.

Mwaka 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka hewani. Asubuhi iliyofuata Neisser aliwagawia wanafunzi karatasi waandike walikuwa wapi na walipataje habari. Karibu miaka mitatu baadaye yeye na Nicole Harsch wakawauliza tena. Kati ya 44, 11 hawakupatia jambo hata moja kati ya yale makuu: mahali, nani aliwaambia, walikuwa wakifanya nini. Wengi wao walijiamini kabisa. Walipowekewa mbele karatasi zao kwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Kwa hiyo kuiona rangi ya moshi leo, dada, hakuthibitishi kwamba uliuona siku ile.

Hili lilishasemwa na Frederic Bartlett wa Cambridge katika kitabu chake cha 1932. Aliwasomesha Waingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini iliyojaa mizimu, akawataka waisimulie tena na tena kwa vipindi. Mitumbwi ikageuka mashua, kuwinda sili kukageuka kuvua samaki, na vipande vya ajabu vikadondoka kimoja kimoja. Hawakuisahau tu; waliirekebisha ifanane na ulimwengu wanaoujua.

Maneno ya anayeuliza nayo huingia humo. Elizabeth Loftus na John Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari. Walioulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipopondana" walitaja wastani wa karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana" walitaja karibu 32. Katika jaribio la pili, wiki moja ilipita, wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Hapakuwa na vioo. Kati ya 50 waliosikia "yalipopondana", 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia "yalipogongana", 7.

Mimi darasani situmii filamu. Nawasomea polepole: kitanda, mto, shuka, ndoto, usiku, kukoroma, blanketi, miayo, uchovu, godoro, kuamka, giza. Tunazungumza mambo mengine kidogo, halafu wanaandika wanayoyakumbuka. Kila mwaka wapo wanaoandika "usingizi", na wapo wanaokumbuka hata sauti yangu ikilitamka. Rudi juu uitazame orodha. Jaribio hili lilianzia kwa Deese, 1959, na Roediger na McDermott wakalifufua 1995 kwa matokeo yaleyale.

Kuhusu kaka yako: tafuteni karatasi. Cheti cha hospitali kina tarehe, moto unaweza kuwa na taarifa yake mahali. Mkikosa vyote viwili, huyo kaka naye mwulizeni habari ya kulazwa kwako aliipata wapi, maana kumbukumbu yake imetengenezwa kwa malighafi ileile.

Mimi ni mtunzi wa programu. Mnasema akili ni kompyuta. Hiyo ni sayansi au ni tamathali ya semi? — Kijana wa Kodi

Vyote viwili, na ni vizuri umeuliza. Programu ya Newell na Simon, waliyoitunga pamoja na Shaw, ilithibitisha kanuni 38 kati ya 52 za mwanzo katika sura moja ya kitabu kikubwa cha mantiki cha Whitehead na Russell. Baadaye walikwenda mbali zaidi: walimtaka mtu afikiri kwa sauti akitatua fumbo, wakalinganisha hatua zake na hatua za programu. Faida yake unaijua kuliko mimi. Ukitunga programu huwezi kuficha pengo la nadharia yako kwa maneno matamu, itagoma.

Lakini kompyuta za wakati ule zilifanya hatua moja baada ya nyingine, nao ubongo una neva zipatazo bilioni 86 zinazofanya kazi kwa pamoja, kila moja ikiwa na mwendo wa pole ukilinganisha na mashine yako. Mwaka 1986 Rumelhart na McClelland walisukuma mbele njia nyingine ya mitandao, ambamo maarifa hayakai kwenye kanuni iliyoandikwa bali katika uzito wa viunganisho vingi. Mitandao mnayoiita akili unde leo ni ya ukoo huo. David Marr alitoa ushauri ninaoupenda, katika kitabu kilichotoka 1982 baada ya kifo chake: uliza kwanza kazi inayofanywa ni ipi na kwa nini, kisha inafanywa kwa hatua gani, kisha ni nyama au chuma gani kinachoifanya. Ugomvi mwingi nilioushuhudia kwenye semina ulikuwa wa watu wawili waliosimama kwenye ngazi tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake hajui kitu.

Na kama unataka mpinzani wa ndani, Neisser yuleyule, mwaka 1976, aliandika kwamba wenzake wamejifungia maabara na vitufe vyao wamemsahau mtu anayeishi duniani. Namheshimu kwa hilo.

Nilisoma kwamba majaribio ya saikolojia yakirudiwa hayatoki. Sasa kwa nini tukuamini? — Asiyeamini

Msiniamini mimi, angalieni kilichorudiwa. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika zile za awali asilimia 97 zilikuwa zimedai kupata matokeo ya kuaminika kitakwimu. Zilizorudiwa, asilimia 36 tu. Za utambuzi zilifanya vizuri kuliko za saikolojia ya jamii, karibu nusu kwa robo, na sioni nusu kuwa alama ya kujivunia.

Kasoro ya pili inaniudhi zaidi. Henrich, Heine na Norenzayan walionyesha mwaka 2010 kwamba wengi mno wa waliochunguzwa ni watu wa nchi tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wa vyuo. Na tofauti zipo hata penye vitu vinavyoonekana vidogo. Ipo mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja una mishale inayotazama nje na mwingine inayotazama ndani, na Wazungu na Wamarekani huiona haiko sawa. Segall na wenzake, 1966, waliipeleka kwa jamii mbalimbali, na Wasan wa Kalahari waliiona karibu kama ilivyo. Kitabu kinachosema "binadamu huona hivi" kiulizwe ni binadamu yupi.

Mwanangu wa kidato anasoma huku nyimbo zinamwimbia masikioni. Anasema anasikia vyote viwili na anaelewa vyote viwili. Nimnyang'anye? — Mama Aliyechoka

Subiri kwanza, mama. Mwaka 1953 Colin Cherry aliwavalisha watu visikizi, sikio hili likapewa maneno haya na lile maneno mengine, wakatakiwa kurudia kwa sauti maneno ya upande mmoja tu. Walipoulizwa upande wa pili ulisema nini, hawakuwa na la kusema. Waliweza kutambua sauti ya mwanamume ikibadilika ikawa ya mwanamke, lakini Kiingereza kikigeuka Kijerumani hawakujua. Donald Broadbent, 1958, akasema kuna chujio linalozuia mapema. Mwaka uliofuata Neville Moray akapachika jina la msikilizaji upande usiosikilizwa, na kama theluthi moja ya watu walilisikia, hivyo chujio linavuja. Anne Treisman akasema halifungi, linapunguza sauti tu. Kijana wako anaposema anasikia vyote viwili, kuna chembe ya ukweli. Kuelewa vyote viwili ndiko kwenye mashaka.

Nyimbo zenye maneno zina shida yake ya pekee. Salamé na Baddeley walionyesha miaka ya 1980 kwamba maneno yanayosikika pembeni huharibu kukumbuka orodha kwa mpangilio, hata mtu akiambiwa ayapuuze, na kwamba uimbaji hudhuru zaidi ya muziki wa ala peke yake.

Ila kumwambia kijana hivyo ni kazi bure, mpimeni. Andika orodha ishirini za tarakimu nane zilizochanganywa. Mwonyeshe tarakimu moja kwa sekunde, kisha aziandike kwa mpangilio. Orodha kumi akiwa na wimbo, kumi akiwa kimya, mkizipishanisha ili uchovu usiangukie upande mmoja. Wimbo achague mwenyewe, asije akakulaumu. Asahihishe dada yake au mtu mwingine asiyejua ipi ilifanywa na wimbo. Akipungukiwa, visikizi vikae mezani wakati wa kukariri, na avivae akiwa anapanga madaftari. Na akipata sawasawa pande zote mbili, mwache na nyimbo zake.